Saa za Baba kwenye Pwani ya Wales: Siku Sita kutoka Newgale hadi Fishguard

Siku ya kwanza: Newgale hadi Solva

Baba yangu alivua Pangani miaka arobaini, na hesabu aliyotufundisha sisi wanawe kabla hatujajua kuandika ni hii: mwezi ukiwa mpevu au mchanga, bamvua; maji hujaa saa kumi, hupwa saa nne. Kila siku inayofuata sukuma mbele saa moja kasoro. Basi. Naishi Cardiff mwaka wa kumi na tisa sasa, na hesabu hiyo ingali kichwani. Sikuwahi kuijaribu huku, kwa sababu Cardiff walijenga boma kubwa kukinga ghuba yao, likamalizika mwaka 1999, na ghuba ikawa ziwa la maji baridi. Maji hayapandi wala hayashuki.

Kwa hiyo tuliposhuka basi Newgale, Septemba hii, mwezi ukiwa wa siku kumi na sita tangu kuandama, saa sita na nusu mchana, sikuona haja ya kuuliza mtu. Nilimwambia mpwa wangu, "Tusiende mbali, mama. Maji yanajaa saa hizi."

Yeye anasoma Swansea. Amekulia Tanga mjini, na bahari kwake ni kitu cha kupigia picha. Akavua viatu, akakaa nami kwa adabu juu ya tuta la kokoto, tukala mikate tuliyofunga toka nyumbani. Tuta hilo si la kuchezea: kokoto kubwa za mviringo, zimepangana kama ukuta nyuma ya ufuko wote, na wenyewe husema ni dhoruba ya Oktoba 1859 iliyozitupa pale. Tulipomaliza kula, bahari ilikuwa imekwenda mbali kuliko tulipoanza.

"Mjomba," akasema, "hayo maji yanajaa kwa kurudi nyuma?"

Yaliendelea kurudi nyuma hadi karibu saa nane. Ufuko wa Newgale una urefu wa kilomita tatu hivi, na maji yakipwa upana wake unakutisha; watu waliokuwa wakitembea ukingoni mwa mawimbi walikuwa kama siafu. Kuna wakati dhoruba hukomba mchanga na visiki vya msitu wa kale vikatokeza. Padri mmoja, Gerald wa Wales, aliyepita njia hii mwaka 1188, aliandika habari za dhoruba iliyofukua visiki vile miaka kumi na kitu kabla yake: alama za shoka zikionekana, mti ukiwa mweusi kama mpingo. Sisi hatukuona hata kimoja. Tuliona mchanga tu, na aibu yangu.

Kijito kidogo kinachoingia baharini hapo ni mpaka wa namna yake. Kusini mwake, kwa karne nyingi, watu wamekuwa wakisema Kiingereza, kaskazini, Kiwelisi. Ukishakivuka, majina ya mahali yanabadilika. Porth ni bandari au ghuba ndogo, traeth ni ufuko, ynys ni kisiwa, aber ni mahali mto unapoingia baharini. Barabarani wamepaka rangi neno ARAF, na mpwa wangu alidhani ni mwarabu fulani. Maana yake polepole.

Njia yenyewe, ile ya pwani ya Pembrokeshire, ilifunguliwa mwaka 1970. Ni kilomita 300 hivi, na tangu 2012 imekuwa kipande cha njia ndefu zaidi inayoshika pwani yote ya Wales, kilomita 1,400. Sisi tulichukua kipande cha kipande. Vibao vina alama ya tunda la mwaloni. Kupotea ni kazi, kwa kuwa bahari iko kushoto siku zote. Kilichobaki ni kupanda na kushuka. Kila kijito kimechimba bonde lake hadi baharini, nawe huna budi kushuka hadi chini na kupanda tena ng'ambo. Kilomita nane za siku ya kwanza zilitushinda nguvu kuliko nilivyotazamia. Mpwa wangu aliniacha nyuma mara tatu na mara tatu akanisubiri akijifanya anafunga kamba za viatu.

Kutoka juu ya magenge ghuba yote ya St Brides inaonekana, kisiwa cha Skomer upande wa kusini, Ramsey kaskazini. Alikuwa na hamu ya kuona wale ndege wa Skomer wenye midomo ya rangi kama vinyago, pafini. Nilimwambia wanakuja Aprili na kuondoka mwisho wa Julai. Tumechelewa.

Solva ni hori refu lililopinda, bonde lililomezwa na bahari, na ukiwa nje huwezi kujua kama kuna bandari ndani. Ingewafaa sana majahazi yetu. Kando ya maji yamejipanga matanuri ya chokaa, ya mawe, mapana kama vyumba. Nilisimama pale muda mrefu. Kwetu chokaa tunachoma kwa matumbawe na magogo, tunajengea nyumba na misikiti. Hawa walileta mawe ya chokaa kwa mashua kutoka kusini mwa jimbo, pamoja na vumbi la makaa ya mawe, wakachoma hapa ufukweni, kisha wakulima wakaja na mikokoteni kuichukua wakaimwage mashambani, maana udongo wao ni mchachu na bila chokaa haukutoa kitu. Mashimo mengine bado yana weusi ndani.

Ni Solva pia walikotayarishia mnara wa taa wa kwanza wa Smalls, mwamba ulio peke yake baharini, zaidi ya kilomita 30 kutoka hapa. Aliyeubuni, Henry Whiteside, kazi yake ilikuwa kutengeneza ala za muziki. Taa iliwashwa mwaka 1776, na walinzi wake walikuwa wawili wawili. Mwaka 1801 mmoja wao, Thomas Griffith, akafa. Mwenzake, Thomas Howell, alijua watu wamewahi kuwasikia wakigombana. Akaogopa kwamba akiutosa mwili baharini ataambiwa ameua. Akatengeneza jeneza, akalifunga nje ya mnara. Hali ya hewa ilikuwa mbaya kwa majuma, mashua hazikuweza kufika, na upepo ukalivunja jeneza, mkono ukawa unapepea kila upepo unapovuma. Waliokuwa mashuani kwa mbali waliona mtu anawapungia na taa inawaka, wakarudi zao. Howell alipookolewa rafiki zake hawakumtambua. Tangu hapo walinzi wakawekwa watatu.

Nilimsimulia mpwa wangu hayo wakati wa chakula cha usiku. Akaacha samaki wake.

Kabla ya kulala nikampigia Baba. "Shikamoo Baba." "Marahaba. Bahari ya huko imewapokeaje?" Nikamweleza yaliyonipata, bila kupunguza. Akanyamaza.

"Mwezi ni huu huu?"

"Ndio huo huo."

"Basi si mwezi. Ni njia ya maji kufika."

Siku ya pili: Solva hadi St Davids

Nililala nikiwaza hesabu, na asubuhi nilikuwa nayo. Baba yuko sahihi. Mwezi unavuta, lakini maji yana safari yake mpaka yakufikie, na kila bandari ina ucheleweshaji wake. Pangani maji hujaa kama saa nne baada ya mwezi kupita utosini. Pwani hii, kwa kuwa wimbi la kujaa linatoka Atlantiki na kusukumwa kwenye bahari isiyo na kina, ni kama saa sita. Hapo ongeza saa moja ambayo Waingereza huisogeza mbele wakati wa kiangazi. Jumla, saa tatu. Saa nne ya Baba asubuhi huku ni saa saba mchana. Nilipomwonyesha mpwa wangu kwenye kitambaa cha karatasi mezani, akasema, "Mjomba, si ungetazama kwenye simu tu?"

Njia ilikuwa nyepesi kuliko jana. Upepo kidogo, jua, magenge yenye vichaka vya miiba vilivyokuwa na maua ya njano. Rangi ya mawe ikawa inageuka kadiri tulivyokwenda, na Caerfai mwamba wote ni zambarau, kama biringanya iliyokatwa na kuachwa. Kanisa kuu la St Davids lilijengwa kwa mawe haya.

St Non's ni mwendo mfupi kutoka hapo. Wawelisi husema Non alimzaa Dewi, ambaye Waingereza humwita David, juu ya genge hili usiku wa dhoruba, na chemchemi ikabubujika pale pale. Yamebaki magofu ya chumba kidogo katikati ya malisho, na kisima chenye kibanda cha mawe. Ndani ya maji kulikuwa na sarafu. Kina mama wawili wazee walikuwa wamekaa wakinywa chai ya chupa, na mmoja akatuambia maji yale yanafaa macho. Mpwa wangu akanitazama. Kwao Tanga kuna visima vya aina hiyo pia, vyenye vitambaa na ubani, na bibi yake mzaa baba alimkataza kuvikaribia.

St Davids ina watu 1,800 hivi, nayo ni mji wenye hadhi kamili ya jiji, jiji dogo kupita yote Uingereza. Malkia Elizabeth aliirudishia hadhi hiyo mwaka 1994. Ukifika huoni kanisa. Unaona maduka ya aiskrimu, unapita lango, na ghafla liko chini yako, ndani ya bonde, mnara wake ukilingana na nyayo zako. Husemwa waliliweka pale ili lisionekane kutoka baharini. Kama ndivyo, halikusaidia sana: mabaharia wa Skandinavia walivamia mara kwa mara, na mwaka 999 walimuua askofu. Ujenzi wa sasa ulianza 1181. Sakafu ya ndani ina mwinamo unaouona kwa macho, nguzo nazo zimeegemea nje, kama jahazi lililokauka upande. Karne ya 12 Papa Calixtus wa Pili alitangaza kwamba kuhiji hapa mara mbili ni sawa na kwenda Roma mara moja. Miguu yangu ilikubaliana naye.

Siku ya tatu: St Non's, Porthclais, mlango wa Ramsey, Whitesands

Kwenye kifungua kinywa nilikutana na mwani.

Hii inahitaji maelezo. Nimekua nikiona wanawake wa pwani wakilima mwani. Zanzibar walianza kilimo chake cha biashara mwaka 1989 huko Paje na Jambiani: vigingi, kamba, maji ya magotini, jua la mgongo. Unakaushwa, unafungwa magunia, unauzwa nje. Huko wanatoa kitu cha kugandishia vyakula na dawa za meno. Kuula, wachache. Hawa Wawelisi wanakula wa kwao, mweusi, mwembamba kama ngozi ya kitunguu, unaoota wenyewe kwenye miamba. Wanauosha mchanga, wanauchemsha masaa mengi, wanausaga, ukawa uji mzito wa kijani cheusi. Wanauita bara lawr. Bara kwao ni mkate, jambo ambalo mtu wa pwani hawezi kulisikia bila kucheka. Wenyewe huula pamoja na nyama ya nguruwe. Mama mwenye nyumba, nilipomwambia sisi hatuli, akauchanganya na unga wa shayiri nyeupe, akaukaanga vidonge vidonge, akatuletea na kombe waliochemshwa. Akasema kombe wake hutoka Penclawdd, kule Gower, ambako wanawake waliwaokota kwenye matope maji yakipwa na kuwabeba kwa punda. Wanawake, punda, kombe, kupwa. Nilijihisi niko Makunduchi.

Ladha? Chumvi, chuma, bahari. Mpwa wangu alisukuma sahani kwangu. Nilimaliza zote mbili.

Porthclais ni hori jingine jembamba lenye matanuri mengine ya chokaa. Tulipita. Nilikuwa na haraka ya kufika mlango wa Ramsey bahari ikiwa bado inakwenda.

Kisiwa cha Ramsey kiko karibu kiasi kwamba unaona kondoo, na kati yake na bara ni mlango bahari ambao bamvua hupita kwa kasi ya noti sita, yaani kilomita kumi na moja kwa saa. Upande wa kisiwa kuna mstari wa mawe yaliyochongoka unaoitwa The Bitches. Tulifika karibu saa nane. Maji yalikuwa yanateremka kuelekea kusini, nasi hatukusikia mawimbi; tulisikia mto. Yalikuwa na mgongo. Upande mmoja wa mawe yalikuwa juu, upande wa pili chini, na katikati yanachemka meupe. Pangani, mtoni, pale Bweni, maji ya kupwa yakikutana na upepo wa kusi hufanya kitu kinachofanana, ila hiki ni mara kumi. Nilirekodi dakika mbili nikampelekea Baba.

Mwaka 2015 walizamisha humu mtambo wa kufua umeme kwa mkondo, kilowati 400. Haukudumu. Nikiyatazama maji yale sikushangaa, ingawa nadhani watarudi. Nguvu hiyo inapita mara nne kwa siku na haijali mawingu.

St Justinian ni kituo cha mashua ya uokoaji, kimening'inia genge, reli ya kuteremshia mashua ikiingia majini. Kipya kilifunguliwa 2016, cha zamani kiko ubavuni pake. Waokoaji ni watu wa mji, wa kujitolea: fundi bomba, mwalimu, mvuvi, simu ikilia wanaacha walichoshika. Oktoba 1910 mashua yao, Gem, ilikwenda kuokoa watu watatu wa jahazi lililokuwa taabani ng'ambo. Watatu wakaokolewa. Katika kurudi, usiku, mkondo ukaitupa Gem juu ya The Bitches, na watatu wakafa, nahodha John Stephens mmojawapo. Waliobaki walikaa juu ya mawe yale hadi siku ya pili.

Whitesands tulifika saa kumi. Kupwa kulikuwa saa tisa na dakika chache, kama nilivyosema. Sikusema kitu. Nilisubiri aseme yeye.

"Haya, Mjomba. Umepatia."

Siku ya nne: Whitesands hadi Porthgain

Kilomita 16, na kama ningepewa siku moja tu ya kurudia ningechukua hii.

Tuliondoka mapema. Kutoka Whitesands njia inapanda hadi rasi ya St Davids, na lami inaisha, nyumba zinaisha, nguzo za umeme zinaisha. Ni mawe, majani mafupi yaliyolika na upepo, na maua ya zambarau ya vichakani. Kuna jiwe kubwa bapa lililoegemezwa juu ya jingine, Coetan Arthur, kaburi la watu walioishi hapa miaka zaidi ya elfu tano iliyopita. Kuna mabaki ya ukuta wa ngome na duara za mawe zilizokuwa nyumba. Walichagua pazuri. Ila upepo.

Ndege weusi wawili walitupita wakipiga mbinu hewani. Nilidhani kunguru. Mdomo mwekundu, miguu myekundu: Kiwelisi humwita brân goesgoch, yaani kunguru mwenye miguu myekundu, na hapo lugha imefanya kazi yake bila mbwembwe.

Kisha tukasikia mtoto analia.

Nasema mtoto kwa sababu mpwa wangu alisimama ghafla, akaweka mkono kinywani. Tulilala kifudifudi ukingoni tukachungulia. Chini kabisa, kwenye kifuko cha kokoto kisichofikika ila kwa bahari, kulikuwa na sili. Jike kubwa la kijivu, na kando yake mtoto mweupe kama pamba, akilia kudai. Septemba na Oktoba ndio wakati wao wa kuzaa. Maziwa ya mama yana mafuta zaidi ya nusu, na mtoto huongezeka kama kilo mbili kwa siku. Majuma matatu tu, kisha mama anaondoka moja kwa moja. Mtoto hubaki peke yake ufukweni, mnene, ana njaa, hajui kuogelea vizuri, mpaka njaa imwingize majini.

"Anamwacha hivi hivi?"

"Hivi hivi."

"Mama yangu alilia nilipokwenda Swansea," akasema, "na nilikuwa na miaka kumi na tisa."

Mama yake ni dada yangu. Sikumwambia kwamba alinipigia mimi simu usiku ule ule akilia mpaka saa nane. Tulikaa pale zaidi ya nusu saa. Jike lilijiviringisha likampa ziwa. Usishuke kwao, usipige kelele, mbwa mfunge kamba: mama akishtuka hukimbilia majini na huenda asirudi.

Abereiddi mchanga ni mweusi, wa unga wa mawe ya bamba. Ukipasua vipande vya mawe hayo mara nyingine unakuta michoro kama ya penseli, viumbe wa baharini wa zamani kupita mawazo. Upande wa kaskazini wa ufuko ndiko lilikokuwa chimbo la mawe ya kuezekea. Lilifungwa mwaka 1910, ukuta wa upande wa bahari ukapasuliwa, maji yakaingia, na leo ni dimbwi la mviringo la kina cha mita 25 hivi, rangi yake ya feruzi iliyotiwa maziwa. Wanaliita Blue Lagoon. Mwaka 2012 walikuja wapigambizi wa mashindano ya kimataifa wakaruka kutoka mita 27. Siku yetu walikuwapo vijana wa shule katika nguo za mpira, wanaruka kutoka kuta za chimbo la zamani, na kila mmoja alipiga kelele kabla hajagusa maji. Niliingiza mkono. Nikautoa.

Mbele kidogo ni Traeth Llyfn, ufuko laini, maana ya jina lake ndiyo hiyo, ulio chini ya genge, wa kushukiwa kwa ngazi ya chuma. Una vibao vya onyo: mkondo mkali, na maji yakijaa ncha za ufuko hukatika. Mwezi kumi na tisa. Nilihesabu kwa vidole: kupwa ni karibu saa kumi, sasa saa tisa, tuna nafasi hadi saa kumi na moja bila wasiwasi. Tukashuka. Hapakuwa na mtu. Alitembea mwisho mmoja hadi mwingine, nami nikaketi juu ya jiwe, viatu pembeni, nikitazama ukingo wa maji ukivuta, ukisita, kisha ukirudi, dakika chache tu baada ya nilipoutarajia. Nilimpigia Baba hapo hapo. Mtandao haukuwapo.

Porthgain ni kijiji kimoja, gati moja, na mabohari makubwa ya matofali yaliyoegemea mlima kama ngome. Humo walijaza mawe yaliyopondwa, wakayamimina melini, yakaenda kutengeneza barabara za miji ya Uingereza. Kabla ya hapo waliuza mawe ya kuezekea, wakauza na matofali. Kazi iliisha mwaka 1931. Sasa watu wanakula samaki na chipsi chini ya mabohari hayo, sisi tukiwamo, hadi basi lilipokuja.

Siku ya tano: Porthgain hadi Abercastle

Mvua. Si ya kunyesha na kuacha: ya kusimama wima hewani na kukungoja uiingie. Tulitembea kilomita nane vichwa chini. Trefin kuna gofu la kinu ukingoni mwa bahari, sikusimama.

Carreg Samson tulisimama, kwa kuwa chini yake ni pakavu. Jiwe la juu lina urefu unaopita kimo cha mtu mrefu aliyelala, na limebebwa na matatu tu kati ya mawe yaliyosimama. Husemwa mtakatifu Samson aliliweka kwa kidole chake kidogo. Tulikula njugu humo, katika kaburi la miaka elfu tano, viatu vikitoa maji.

Abercastle ni ghuba ndogo iliyojificha, na hapo Agosti 1876 alitia nanga mvuvi aitwaye Alfred Johnson, aliyetoka Massachusetts peke yake katika kimashua cha futi ishirini, wa kwanza kuvuka Atlantiki akiwa peke yake kuelekea mashariki anayejulikana kwa kumbukumbu. Kuna kibao. Alipoulizwa baadaye kwa nini alifanya vile alisema alikuwa mpumbavu. Kwa mvua ile nilimwelewa.

Siku ya sita: Strumble Head hadi Fishguard

Basi dogo la pwani lilituacha Strumble Head. Mnara wa taa uliojengwa mwaka 1908 uko juu ya kisiwa kilichounganishwa na bara kwa daraja jembamba. Hauna mlinzi tangu 1980. Watu wenye darubini walikuwa wamejibanza katika banda la zege wakihesabu ndege na kutafuta pomboo wadogo. Waliona. Mimi niliona maji.

Huko mbele, Carregwastad, ndipo jeshi la mwisho kuivamia Uingereza kutoka nje liliposhuka. Tarehe 22 Februari 1797 Wafaransa 1,400 hivi, wengi wao wafungwa, chini ya kanali Mmarekani aitwaye William Tate, walipanda genge hili usiku na mapipa ya baruti. Nilipanda genge hilo mchana na chupa ya maji, na bado nilihema. Balaa lao lilikuwa divai: majuma machache nyuma merikebu ya Kireno ilivunjika pwani hii, na kila nyumba ya mkulima ilikuwa na mapipa yake. Askari wakaingia majumbani wakitafuta chakula, wakapata cha kunywa. Siku mbili baadaye walisalimu amri kwenye mchanga wa Goodwick. Mshona viatu wa kike wa Fishguard, Jemima Nicholas, anasifiwa kuwateka kumi na wawili kwa uma wa kukusanyia nyasi. Mjini wana pazia la mita 30 lililodariziwa na wanawake mwaka 1997 kuonyesha kisa chote. Mpwa wangu alilipiga picha hatua kwa hatua, Jemima mara saba.

Jioni tulishuka mchanga wa Goodwick kusubiri treni. Bamvua ilikuwa imeisha, tunaingia maji mafu. Nilimwambia yatapwa karibu saa kumi na mbili kasoro. Mzee mmoja aliyekuwa akikwangua mashua yake iliyolala ubavu aliniuliza kwa upole nimehesabuje. Nikamwambia. Akacheka, akasema hiyo ni saa ya Milford Haven, bandari ya kule kusini. Fishguard ongeza saa moja na ushee. Akachomoa mfukoni kijitabu cha nyakati za maji, vile vinavyouzwa madukani kando ya chingamu, kurasa zake zimekunjamana kwa unyevu. Kwao, alisema, kujaa ni llanw, kupwa ni trai. Nikampa zetu. Aliyarudia vizuri kuliko nilivyorudia yake.

Nilinunua kijitabu kama hicho stesheni kabla treni haijaja, nikampigia Baba kumwambia nimempatia zawadi: saa za maji, siku zote, zimeandikwa.

"Nani kaziandika?"

"Wataalamu, Baba. Za mwaka mzima."

"Mwaka gani?"

"Huu."

"Na wewe unakuja lini?"

"Desemba, inshallah. Tarehe ishirini na nane."

Nilisikia akimgeukia mtu aliyekuwa naye barazani. "Ananiletea saa za maji za siku tatu," akamwambia.